Mandari kwenye mizabibu ya Pantelleria: kaeni chini, na mtamu usubiri zamu yake

SWALI: Shikamoo. Mimi na mume wangu tutakuwa Sicilia mwanzoni mwa Septemba, na tumejitengea siku mbili za kuvuka hadi kisiwa cha Pantelleria. Nimetamani kwa muda mrefu kufanya pikniki katikati ya shamba la mizabibu, tukinywa mvinyo wa hapohapo. Ila nimeambiwa mvinyo wa kule ni mtamu kama asali. Mvinyo mtamu hivyo unanywewa na chakula gani? Na shambani tunaingia tu, au kuna utaratibu? Mume wangu ndiye atakayeendesha gari.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umechagua kisiwa ambacho, pasipo wewe kujua, unakijua nusu tayari. Zabibu kuu ya Pantelleria inaitwa zibibbo. Itamke polepole usikie. Ni neno lilelile letu. Waarabu walisema zabib wakimaanisha zabibu iliyokaushwa. Neno likasafiri kusini likafika pwani yetu, likasafiri kaskazini likafika visiwa vya Bahari ya Kati, na huku na kule watu wakalibandika kwenye tunda bichi. Waarabu walikitwaa kisiwa hicho katika karne ya 9, na mpaka leo ukitazama ramani utaona vijiji na vitongoji vyenye majina kama Khamma, Rekhale, Bugeber na Bukkuram. Hilo la mwisho hutafsiriwa kuwa "baba wa mizabibu". Kiutawala uko Italia, lakini pwani ya Tunisia iko karibu kilomita 70 tu, wakati Sicilia yenyewe iko mbali zaidi, takriban 100.

Sasa nianze na upepo, ingawa hukuuliza. Maswali yako yote mawili, la chakula na la kuingia shambani, yanaanzia huko.

Pantelleria ni mlima wa volkano uliochomoza baharini, na hakuna kitu cha kuuzuia upepo. Unapiga kutoka kaskazini-magharibi, kisha siku nyingine unageuka na kuja kutoka kusini ukiwa na joto la jangwani. Sisi tuna kusi na kaskazi, kila mmoja na majira yake. Kule hakuna adabu hiyo. Mkulima wa zamani alitazama hali ile akaamua jambo moja: kila kinachoota kilale chini. Mzabibu wa Pantelleria haupandishwi kwenye waya wala nguzo. Kila shina hupandwa ndani ya kishimo kilichochimbwa kama bakuli, kina chake kama shibiri moja, kisha hupogolewa libakiwe na matawi sita hivi yanayotawanyika pande zote kama miale. Matokeo yake ni kichaka kinachotambaa, ambacho mara nyingi hakifiki hata kwenye goti. Kishimo kinakusanya mvua kidogo inayonyesha pamoja na umande wa usiku, majani yanaufunika udongo usikauke, na upepo unapita juu bila kuvunja kitu. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ukulima huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Hata mizeituni kule hulazwa chini kwa kupogolewa. Na kuna jambo moja ambalo nakusihi usiondoke bila kuliona: bustani ya Kipantelleria, yaani ukuta wa mviringo wa mawe meusi, mrefu kumpita mtu, ambao ndani yake mara nyingi kuna mchungwa au mlimau mmoja tu. Ngome nzima kwa ajili ya mti mmoja! Ukiingia ndani upepo unakatika ghafla, kama mtu aliyefunga mlango nyuma yako.

Kwa hiyo, ile picha uliyo nayo kichwani, ya meza yenye kitambaa cheupe chini ya mizabibu mirefu inayotoa kivuli, iache Sicilia. Shamba la Pantelleria halina kivuli. Utakuwa wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Mara yangu ya kwanza nilijifanya mjuzi, nikachagua ukingo wa juu kabisa wa tarasi, yaani ngazi ya shamba iliyozuiwa kwa ukuta wa mawe, kwa sababu bahari ilionekana vizuri. Kitambaa kiliruka, glasi mbili zikavunjika juu ya mawe, na mkate tuliula ukiwa na mchanga wa volkano. Mwenzangu hakusema neno, alihamisha tu kikapu hadi chini ya ukuta, upande ambao upepo haufiki, akaketi. Nilipomfuata nikakuta ni mahali pengine kabisa: kimya, mawe yenye joto la jua la mchana, na harufu ya majani ya mizabibu ambayo kule juu ilikuwa inapeperushwa kabla haijafika puani.

Fanyeni hivyohivyo. Mkifika, simameni kidogo muone upepo unatoka wapi, kisha mtafute ukuta na mkae upande wa pili, chini, juu ya mkeka au blanketi nzito. Msiukalie ukuta wenyewe. Kuta zile zimejengwa kwa mawe matupu, bila chokaa wala saruji, na jiwe moja likitoka mengine hulifuata. Ufundi wa kuzijenga nao uko katika orodha ya UNESCO tangu 2018, kwa Italia na nchi kadhaa jirani, lakini kwa mwenye shamba hilo si neno. Kwake ukuta ukibomoka, udongo wa tarasi nzima unateremka. Na msikae ndani ya vile vishimo hata kama vinaonekana kama viti vilivyochongwa makusudi.

Kuhusu kuingia: msiingie tu. Kisiwa chote kimegawanyika katika vipande vidogo vya familia, kwa vizazi. Mahali ambapo wewe unaona uwanda usio na mwenyewe, kuna mzee anayejua idadi ya mashina yake. Njia ya heshima, ambayo pia ndiyo rahisi, ni kupitia kantina, yaani nyumba inayotengeneza mvinyo. Andika au piga simu siku kadhaa kabla. Eleza kwamba mko wawili, mngependa kuonja, kununua chupa, na kukaa saa moja au mbili pembeni mwa shamba na chakula. Nyingine zitakuandalia kikapu kabisa, nyingine zitasema leteni chenu, na nyingine zitakataa. Wakikataa msinung'unike, kwa sababu mwanzoni mwa Septemba mnafika katikati ya mavuno. Kila kichala huchumwa kwa mkono na mtu aliyeinama mpaka kiuno kimlie, na watu hao hawana muda wa wageni saa nne asubuhi.

Lakini mavuno ndiyo bahati yako pia. Zibibbo ya kwanza huchumwa mwezi wa nane na kutandazwa juani, kwenye sehemu maalumu zinazotazama kusini, kwa wiki mbili hadi nne, ikigeuzwa kwa mikono na kufunikwa usiku umande usiiharibu. Huenda mkakuta mabaki ya kazi hiyo: zabibu za rangi ya kahawia zilizosinyaa, na harufu inayofanya nyuki na nyigu wachanganyikiwe. Tazameni, ulizeni, msiguse. Wala msiiite "zabibu kavu" mbele ya mkulima kana kwamba ni zile za pakiti, maana ndani yake kuna utomvu unaonata na mwezi mzima wa mgongo wa mtu.

Zabibu hizo zilizokaushwa ndizo chanzo cha ule utamu ulioambiwa. Hunyofolewa kwenye vikonyo kwa mkono, kisha hutiwa ndani ya juisi ya zabibu bichi zilizochumwa baadaye, mwezi wa tisa, juisi ikiwa tayari inachachuka. Juisi inazinyonya taratibu, sukari na harufu vinatoka, na chachu inafika mahali inashindwa kuimaliza sukari yote. Inayobaki ndiyo utamu wa Passito di Pantelleria. Rangi yake ni ya kaharabu, na ndani yake utapata tende, tini kavu, asali, ganda la chungwa na aprikoti. Kilevi chake hakiko chini hata kidogo: kwa kawaida ni asilimia 14 hadi 15. Watu husahau hilo kwa sababu ulimi unadanganywa na sukari.

Sasa jibu la swali lako. Mvinyo huo haunywewi na mlo. Unanywewa baada ya mlo, au badala ya kitamu cha mwisho. Kosa ninaloliona kila mara ni mgeni kufungua passito mwanzoni, kwa sababu ndio maarufu, akaunywa pamoja na saladi ya nyanya. Nyanya inaonekana kali, mvinyo unaonekana kama sharubati, na baada ya glasi moja na nusu hamu ya kula imekwisha. Halafu anarudi nyumbani akisema mvinyo wa kisiwa kile ni mzito.

Kisichosemwa sana ni kwamba zibibbo hiyohiyo hutengenezwa pia kuwa mvinyo mkavu, yaani ule ambao sukari yote imechachuka ikaisha. Chupani utaona maneno Pantelleria Bianco, au jina la zibibbo lenyewe. Huo ndio mvinyo wa mandari yenu. Una mchezo mmoja unaonifurahisha kila ninapomwonjesha mtu mara ya kwanza: puani unanusa waridi, maua ya mchungwa na zabibu zilizoiva, unajiandaa kupokea utamu, kisha unaonja na utamu haupo. Mdomoni ni mkavu, mchangamfu, na wengine huuonjea chumvi kidogo mwishoni. Kuna pia Moscato di Pantelleria, ambao una utamu lakini ni mwepesi kuliko passito. Si mbaya, ila kwa watu wawili na siku mbili ningeuruka. Nunueni chupa moja ya mkavu, na passito chupa ndogo. Huuzwa katika nusu chupa ya mililita 375 na ya mililita 500 pia, na bei itakushtua kidogo mpaka ukumbuke zile wiki za juani.

Kikapu chenu kijengwe juu ya chumvi na uchachu, kwa sababu mvinyo mkavu wa zibibbo unavipenda vyote viwili. Kisiwa kimeshakufanyia kazi. Kuna saladi ya Kipantelleria: viazi vya kuchemsha, nyanya, vitunguu vyekundu, zeituni, oregano, mafuta ya zeituni na kapari. Kapari ni vile vifumba vya maua ambavyo havijachanua, huchumwa kwa mkono na kuhifadhiwa kwa chumvi ya bahari, na za Pantelleria zina jina lililolindwa kisheria Ulaya. Mkinunua za chumvi mbichi dukani, loweka na ubadilishe maji mara mbili tatu, la sivyo hamtasikia kitu kingine chochote. Saladi hii inasafiri vizuri kuliko nyingi, na saa mbili ndani ya bakuli lililofunikwa huiongezea ladha badala ya kuipunguza, maana viazi vinakunywa mafuta na maji ya nyanya. Ongezeni samaki wa kopo, mkate mgumu wa kule, na tumma, jibini laini la kisiwani ambalo halijakomaa. Mkipata sciakisciuka, ambayo ni biringanya, pilipili hoho na mboga nyingine zilizopikwa pamoja, ichukueni. Huliwa ikiwa imepoa. Jina lake unaweza kulifuatilia mpaka Tunisia bila ramani.

Mnaweza kuacha ravioli, yaani vifuko vya tambi, za ricotta (jibini laini) na mnanaa, na kuskusi ya samaki. Ni vyakula vikuu vya kisiwa lakini ni vya moto, vya kukaa mezani usiku. Pilipili kali pia iacheni, kwa kuwa kilevi huuongezea moto wake na harufu ya maua ya zibibbo hupotea kabisa.

Kwa passito kuna njia mbili, na mimi nina upande wangu. Ya kwanza ni vitu vitamu: biskuti za lozi, au tini mbichi za msimu. Sharti lake ni kwamba kitafunio kisiwe kitamu kuliko mvinyo, maana kikiushinda, mvinyo utaonekana umechujuka. Ndiyo sababu siwaandikii wengi baci panteschi, zile maandazi za umbo la ua zenye ricotta katikati, zikiwa zimenyunyizwa sukari nyingi. Kuleni asubuhi na kahawa. Njia ya pili, ambayo ndiyo yangu, ni jibini gumu lililokomaa na lenye chumvi nyingi, au lile lenye ukungu wa buluu, kipande kidogo, na passito ya vidole viwili tu kwenye glasi. Chumvi na sukari vinavutana mdomoni na hamna haja ya kitu kingine.

Suala la baridi huwasumbua watu kuliko inavyopaswa. Mvinyo mkavu uwe karibu nyuzi 10 hadi 12 unapoumimina, passito iwe 12 hadi 14, ila jioni yenye joto anzeni chini zaidi kwa sababu glasi itapata moto yenyewe. Mkitoka na chupa iliyolala kwenye friji usiku kucha, ifungeni taulo na mwiweke katikati ya kikapu. Mkifika shambani, fanyeni kile ambacho mtungi wa bibi ulikuwa ukikifanya barazani: lowesheni kitambaa, kivingirisheni kwenye chupa, na mwiweke kivulini lakini mahali upepo unapopita. Maji yakikauka yanachukua joto la chupa. Hapo ndipo adui wenu wa siku nzima anapowafanyia kazi. Siku ya upepo wa kusini wenye unyevu mbinu hii hulegea, kwa hiyo mfuko wa barafu bado ni bima nzuri.

Glasi zibebeni za kweli, lakini fupi na nzito kitako. Zile za miguu mirefu zitaanguka kabla hamjasema "afya". Kizibuo msikisahau, na kama mnaruka kwa ndege kutoka Trapani au Palermo, kiingie kwenye sanduku la kupakiwa, kisiwe mkobani, hasa chenye kisu. Bebeni maji mengi pia. Kisiwa hakina mto, na nyumba za zamani za kule, zinazoitwa dammusi, zilijengwa na mapaa ya kuba makusudi ili mvua iteremke kwenye birika chini ya nyumba. Katika mahali ambapo kila tone lilihesabiwa, msitegemee kuomba maji ya kunawia mikono shambani. Na msiwashe moto wa aina yoyote, hata jiko dogo la gesi. Mwezi wa tisa nyasi ni kavu kama karatasi, na eneo kubwa la kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 2016.

Saa nzuri ni kuanzia kumi na moja jioni. Wakati wenu huo jua huzama karibu saa moja na nusu, joto linakuwa limeanza kupungua, na wavunaji wameondoka. Nyigu nao wanapungua jua linapoteremka, jambo ambalo si dogo kama mna passito wazi. Mpaka watakapolala, funikeni glasi kwa kisahani na mwangalie kabla ya kila funda. Sitanii. Nyigu aliyemezwa ni safari ya hospitali.

Mume wako sasa. Sheria ya Italia inaruhusu gramu 0.5 za kilevi kwa lita moja ya damu, na kwa dereva mwenye leseni isiyozidi miaka 3 ni sifuri kabisa. Usijaribu kupiga hesabu ya glasi ngapi ni 0.5, kwa sababu mwili wa mtu si mizani, na barabara za kule ni nyembamba, zina kona, na kuta za mawe ziko pande zote bila nafasi ya kukosea. Wapo wanaolala kwenye dammuso lililo karibu na kantina na kurudi kwa miguu. Kama hamjalipia malazi bado, ningefikiria hilo kwanza. Vinginevyo, aonje na kutema pale kantina, kama tunavyofanya sisi wa kazi hii na hakuna anayeshangaa, na jioni awe na zabibu zenyewe. Zibibbo mbichi ni tamu sana kula, ni kubwa, ganda lake linapasuka kwenye meno, na ni miongoni mwa zabibu chache ambazo mvinyo wake hunukia kama tunda lenyewe. Ombeni kichala kimoja pale mnaponunua. Kikiwa baridi, pamoja na lile jibini la chumvi, hatakuwa amepunjwa.

Passito ikibaki, na itabaki kama mtakunywa kwa vidole viwili nilivyosema, izibeni vizuri na mwirudishe kwenye friji. Sukari inailinda, itakaa wiki kadhaa bila kuharibika, wakati mkavu uliofunguliwa unapaswa kuisha kesho yake. Sehemu ya mume wako mnaweza kuibeba mpaka nyumbani ndani ya sanduku la kupakiwa, imevingirishwa soksi mbili na kusimamishwa katikati ya nguo, akainywe siku ambayo hashiki usukani.